Kuezua bati lenye sola: huduma tatu zinazouzwa Dar, na gharama isiyoandikwa kwenye profoma

Paneli ya sola iliyo bora huja na dhamana ya nguvu ya miaka 25. Bati la geji 32 lililopauliwa Kigamboni au Mbezi Beach, chumvi ya bahari ikilipiga usiku na mchana, huwa limetoboka zamani kabla ya muda huo kufika. Ndipo mwenye nyumba anajikuta na paneli nzima juu ya paa bovu, na kazi moja inakuwa mbili: kuna fundi wa kupaua na kuna fundi wa sola, na katikati yao kuna matundu ambayo kila mmoja anasema ni ya mwenzake.

Huduma ya kushusha paneli, kubadili bati na kuzirudisha inauzwa kwa namna tatu hapa Dar es Salaam. Bei zinatofautiana sana kwa sababu kinachouzwa si kitu kimoja. Tunayoipendekeza tunaisema mapema: kampuni ya sola ishushe na kurudisha, fundi paa apaue, na wote wawili watie saini karatasi moja inayotaja nani anawajibika na kila tundu linalotoboa bati jipya. Hii siyo njia ya bei ya chini. Ni njia ambayo dari lako linabaki kavu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowafanya watu wachague vibaya. Chukua nyumba yenye paa la mita za mraba 180 na paneli 10 za W 550. Bati likiwa linafunika upana wa sm 75 baada ya kupishana, utahitaji takribani mita 240 za urefu. Tuseme kwa mfano umepata geji 28 ya rangi kwa shilingi 25,000 kwa mita. Hapo bati peke yake ni milioni 6. Ongeza kofia, skrubu, mbao za kubadilisha, gata na ufundi, na milioni 9 si mbali. Weka bei za dukani kwako. Uwiano ndio tunaoutaka hapa.

Upande wa sola, kwa mfano huohuo: ufundi wa kushusha na kurudisha shilingi 30,000 kwa paneli, yaani 300,000. Miguu 24 ya reli (vyuma virefu vinavyobeba paneli) pamoja na bolti zake mpya kwa 8,000 ni 192,000. Klampu 24 kwa 3,000 ni 72,000. Konekta za MC4 (viunganishi vya nyaya za paneli) jozi 10 kwa 4,000 ni 40,000. Vipimo na kuwasha mfumo, 150,000. Jumla 754,000, chini ya asilimia 10 ya kazi nzima. Sasa fundi mwingine anakuja na bei ya 250,000 kwa kila kitu. Unaona umeokoa nusu milioni. Ukigawanya bei yake, utakuta hakuna bolti mpya, hakuna klampu, hakuna kipimo hata kimoja. Ameuza kubeba tu.

Umeme unaopotea siku ambazo paneli ziko chini ndio gharama ndogo kuliko zote, na bado ndiyo inayotumiwa kuharakisha kazi. Mfumo wa kW 5.5 hapa pwani hutoa kama yuniti 20 kwa siku. Siku nne ni yuniti 80, na kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayelipa kama shilingi 350 kwa yuniti ya LUKU, hiyo ni 28,000. Usimruhusu mtu afunge reli jioni na tochi mdomoni ili kuokoa elfu saba za siku moja. Nyumba isiyo na umeme wa gridi hesabu yake ni nyingine: betri za asidi zichajiwe zijae kabla ya kukata nyaya, na mizigo yote izimwe, kwa sababu betri ya asidi ikikaa siku kadhaa ikiwa nusu tupu huanza kuganda salfeti kwenye sahani zake na uwezo wake haurudi wote. Za lithiamu zinavumilia kukaa nusu.

Namna ya kwanza ya huduma ni ile ya fundi paa anayesema "na sola nitashusha mimi". Kwa bati ni mtu mzuri. Kwa umeme wa DC, ule unaotoka kwenye paneli, ni hatari, na hili tunalisema bila kupunguza. Paneli 10 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 450 hivi juani. Umeme huo hauzimiki kwa kuzima meni ya nyumba, kwa sababu chanzo chake ni jua. Na tofauti na umeme wa TANESCO, ambao mkondo wake hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, wa DC haupiti sifuri hata mara moja: ukichomoa konekta ikiwa na mzigo, cheche inajivuta kati ya ncha mbili na kuendelea kuwaka. Inayeyusha plastiki, inaunguza vidole, na juu ya paa mtu akishtuka huanguka.

Mpangilio sahihi ni huu, na fundi yeyote wa sola anapaswa kuutaja bila kufikiri. Kwanza mizigo izimwe, kisha upande wa AC (umeme wa nyumbani) wa inveta, kisha swichi ya kukatia DC, kisha breka ya betri. Subiri dakika tano hadi kumi kapasita za inveta ziishe chaji. Pima kwa klampu mita (kipima mkondo kinachokumbatia waya) kila waya unaotoka paneli: mkondo lazima usome sifuri. Baada ya hapo tu ndipo konekta za mwisho wa mfululizo zinafunguliwa kwa spana yake ya plastiki, halafu unakata katikati ya mfululizo ili volti zigawanyike, halafu paneli moja moja. Kila konekta iliyo wazi izibwe kwa kifuniko au mkanda, vumbi na maji visiingie. Kupiga turubai juu ya paneli kunasaidia kupunguza mkondo, lakini hakuondoi volti yote. Asikwambie mtu kwamba turubai linatosha.

Muulize leseni. Tanzania Bara leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wasomaji wa Mombasa na Malindi wana kanuni za sola za mwaka 2012 zenye madaraja ya mafundi T1, T2 na T3, na mfumo uliounganishwa na gridi ni kazi ya T3.

Namna ya pili ni kampuni ya sola inayochukua kazi yote, bati na paneli pamoja. Inavutia kwa sababu unalipa mtu mmoja na unalalamika kwa mtu mmoja. Udhaifu wake uko kwenye bati: kampuni nyingi za sola hukodi mafundi paa wa kazi hiyo tu, na bati linanunuliwa kwa kigezo cha faida. Ukienda njia hii, nunua bati mwenyewe. Kumbuka geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba: geji 30 ni takribani mm 0.3, geji 28 ni karibu mm 0.4. Zaidi ya unene, uliza mpako. Bati la aluzinki lina mpako wenye asilimia 55 za alumini, na namba kama AZ150 ina maana ya gramu 150 za mpako kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Mabati mawili ya geji 28 yenye rangi moja yanaweza kuwa AZ150 na AZ50, na huwezi kujua kwa macho. Karibu na bahari tofauti hiyo ndiyo umri wa paa. Hakuna maana ya kuweka bati la miaka minane chini ya paneli zenye miaka kumi na tano mbele yake. Utalipa kuzishusha tena.

Namna ya tatu, timu mbili zenye mkataba mmoja, ndiyo tuliyoisema mwanzo. Inafanya kazi kwa sharti moja kubwa: fundi wa sola awepo siku mbao zinapokuwa wazi.

Siku hiyo ni ya dhahabu. Bati la zamani limetoka, jipya halijapanda, na papi zote, yaani mbao zinazopigiliwa bati, zinaonekana. Paneli 10 katika safu mbili za tano, zikisimama wima, zina urefu wa mita 5.75 kwa safu. Kila safu ina reli mbili, jumla reli nne, na kila reli inakaa juu ya miguu sita yenye nafasi ya mita 1.1 hivi. Ni miguu 24, na bolti ya kila mguu inatakiwa iingie kwenye mbao imara. Papi ya inchi 2 kwa 2 ikitobolewa kwa bolti ya mm 10 mara nyingi hupasuka, hasa ikiwa kavu na ya zamani. Ufumbuzi ni kuongeza ubao wa 2 kwa 4 chini ya kila mstari wa reli, uliopigwa kati ya kenchi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa). Mbao nne za mita sita na saa chache za seremala. Siku mbao ziko wazi, hiyo ni gharama ndogo mno; bati likishapigwa, haiwezekani tena bila kuezua. Pima kutoka ukingo wa paa hadi kila mstari, andika kwa chaki na upige picha, ili anayetoboa kesho asibahatishe.

Uzito siyo tatizo kubwa. Paneli 10 ni kama kilo 280, reli na vyuma vingine vinafikisha kilo 300, zimetawanyika kwenye mita za mraba 26. Ni chini ya kilo 12 kwa mita ya mraba. Kinachovunja ni upepo wa kusi unaoingia chini ya paneli na kuzivuta juu. Bolti iliyoshika bati bila kushika mbao haishiki kitu.

Siku hiyohiyo utaona pia yaliyooza na yaliyoliwa na mchwa. Hakuna fundi anayeweza kuyahesabu kabla bati halijatoka, kwa hiyo usimlazimishe atoe bei ya jumla. Mwambie aandike bei ya kubadilisha papi moja na kenchi moja. Wewe tenga akiba ya asilimia 10 hadi 15 kando. Bila bei hiyo ya kipande, nyumba ikiwa wazi na wingu linakuja, utalipa lolote utakaloambiwa. Kazi hii ifanyike Januari na Februari, au kuanzia Juni masika yakiisha hadi Septemba, na kwa miezi ya kusi paneli zipandishwe asubuhi kabla upepo haujachachamaa. Paneli moja ya W 550 ina mita za mraba 2.6; mikononi mwa mtu aliye kwenye ngazi, upepo unaigeuza tanga.

Sasa matundu. Muulize hivi kabla hujatoa hela: "Fundi, tundu la bolti utalitoboa wapi kwenye bati, mgongoni au bondeni?" Jibu ni mgongoni, daima. Bonde ndilo linalobeba maji yote ya mvua, na tundu la bondeni, hata likiwa na mpira, linakaa ndani ya mto. Tundu litobolewe kwa drili, la kwanza likiwa na kipenyo kidogo hadi kwenye mbao, mm 7 hivi kwa bolti ya mm 10, ili nyuzi zishike bila kupasua. Washa ya mpira iwe mpya, ya mpira mweusi unaostahimili jua, na nati ikazwe hadi mpira uanze kutanuka kidogo pembeni. Ukiminywa hadi ukapasuka, umekwisha kazi.

Kuna watakaokushauri kutumia tena bolti za zamani na kuongeza silikoni. Kataa. Mpira uliokaa juani miaka kumi umeshashika umbo la bati la zamani na hauzibi tena mgongo mpya. Na silikoni yenyewe ina aina: ile inayonuka kama siki inatoa asidi inapokauka na asidi hiyo inakula zinki ya bati. Inayofaa kwa bati ni ile isiyo na asidi, imeandikwa kwenye mrija wake. Hata hiyo ni msaidizi tu. Kinachozuia maji ni mpira uliokazwa vizuri juu ya mgongo.

Katika yote tunayokagua kwenye kazi zilizokamilika, kosa linaloonekana sana ni vumbi la chuma. Fundi anakata bati kwa grainda juu ya paa, cheche zinaruka, zinatua kwenye rangi na kuiunguza vitundu vidogo kama ncha za pini. Chembe za drili zinabaki kwenye mabonde. Mvua ya kwanza ikinyesha, paa jipya lina madoa ya kahawia, na mwenye nyumba anamlaumu muuza bati. Bati likatwe kwa mkasi wa bati, chini, na paa lifagiwe kwa ufagio laini jioni ya kila siku ya kutoboa. Liwekwe kwenye mkataba kwa maneno hayohayo.

Vyuma tofauti navyo vina ugomvi wao hapa pwani. Bolti za chuma kisichoshika kutu ziwe za daraja A4 kama nyumba iko karibu na maji ya chumvi. A2 zinatosha ukiwa mbali. Waya wa shaba wa kutia ardhini usilale juu ya bati la aluzinki wala usidondoshee maji juu yake, kwa sababu shaba inalila bati kwa kasi. Upitishwe ndani ya paipu la plastiki, umeinuliwa.

Na lipo jambo ambalo wauza paneli hawalisemi: chumvi inayotua chini ya paneli haioshwi na mvua. Paa lililo wazi linasafishwa kila masika, lakini mita za mraba 26 zilizo chini ya paneli zinakusanya chumvi na majani mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mabati mengi huanza kutoboka palepale. Nafasi kati ya bati na paneli iwe angalau sm 10, na mara mbili kwa mwaka pita na mpira wa maji chini yake kutoka juu kwenda chini. Soma pia dhamana ya bati: nyingi hazihusu sehemu zisizofikiwa na mvua wala nyumba zilizo karibu sana na bahari.

Paneli zikiwa chini, zisimamishwe wima juu ya mbao, zimefungwa kamba, mgongo wa moja ukiwa mbali na kioo cha nyingine. Zikilazwa sakafuni na watoto wakapita juu, kioo hakivunjiki lakini seli za ndani zinapata nyufa zisizoonekana na nguvu inashuka polepole.

Ikivunjika moja, gharama yake si bei ya paneli moja. Paneli za zamani za W 250 zilikuwa na mkondo wa ampea 8 na kitu. Za W 550 za sasa zina karibu ampea 14 na ukubwa tofauti. Ukiingiza mpya katikati ya mfululizo wa zamani, mkondo utafuata ile ndogo na nguvu ya ziada uliyoilipia haitoki. Unene wa fremu nao umebadilika kutoka mm 40 kwenda 35 na 30, klampu za zamani hazishiki. Tafuta iliyotumika yenye ampea zinazolingana, au ondoa ile na uhakikishe volti zilizobaki zinatosha kuamsha inveta. Mkataba useme wazi nani analipa ikivunjika mikononi mwa fundi, na namba ya kila paneli ipigwe picha kabla haijaguswa.

Vipimo vifanyike mara mbili, kabla ya kushusha na baada ya kurudisha, na viandikwe. Volti ya wazi ya kila paneli, volti ya mfululizo mzima, na ukinzani wa kihami kwa mega, kipimo kinachoonyesha kama nyaya zinavujisha umeme. Kwa joto la pwani paneli yenye volti 50 kwenye lebo itasoma kama 45 mchana, kwa hiyo mfululizo wa 10 usome karibu 450. Ukisoma 405, paneli moja haimo. Ikipungua 15 hivi, kuna diodi iliyokufa kwenye kisanduku cha nyuma cha paneli mojawapo. Ikisoma hasi, nyaya zimegeuzwa, na inveta isiwashwe. Konekta zote ziwe za mtengenezaji mmoja kila jozi. Za kampuni mbili tofauti zinaingiana lakini zinashikana vibaya, zinapata joto, na moto mwingi wa mifumo ya paa huanzia hapo. Iliyogeuka rangi ya kahawia ikatwe itupwe.

Malipo tunayashauri hivi: asilimia 40 vifaa vikifika na umevihesabu, 40 mfumo ukiwaka na karatasi ya vipimo mkononi, pamoja na risiti ya EFD inayoonyesha kama VAT ya asilimia 18 imo. Asilimia 20 zinazobaki zisubiri mvua. Kama ni kiangazi, mwagieni maji kwa mpira kwenye kila mstari wa miguu kwa dakika 15, kuanzia chini kwenda juu, mtu mmoja akiwa ndani ya dari na tochi. Akiona tone, mnajua ni mstari upi, na fundi bado yupo juu na spana yake.